Hesabu ya Jumanne

Shimo hili la Njiru lilitoa mawe
ya kujengea nusu ya ghorofa za Kayole.
Walichimba mpaka chemchemi ikawakatalia,
wakaondoa pampu, wakaondoa watu,
wakaacha maji.

Nami huja kila Jumanne saa nne
na chupa kumi na mbili, kamba yenye mafundo,
na kifuniko cha ndoo ya rangi nilichokipaka cheupe.
Nakishusha. Kinafifia, kinapotea.
Pale kinapopotea ndipo ninapoandika:
mwanga umefika hapa, haukupita.

Akina mama wanaofua blanketi ukingoni
wameacha kuniuliza ninavua nini.
Kerubo pekee ndiye bado huuliza,
"Leo wako wangapi?"
kana kwamba nina mifugo humo.

Na ninayo.
Mifugo isiyo kwato, isiyo mchungaji,
elfu nane katika kijiko cha chai,
kila mmoja na tone lake la kijani tumboni
akila jua.

Sitasema jua ni mama yao.
Jua ni mwenye nyumba:
hutoa, kisha huja kudai.
Asubuhi wanapanda kulilaki;
saa saba limewaka, kijani kinaungua,
nao wanashuka kutafuta kivuli
kama vibarua wa mjengo wanaotafuta ukuta wa kuegemea.
Nimewaona kwenye hadubini, kule Chiromo:
rangi imejikunja katikati ya seli
kama mtu aliyejifunika kanga usoni.

Niliyempenda, nikiri, ni diatomu.
Nyumba yake ni ya kioo,
imechongwa mistari ambayo fundi wa Gikomba
angeitazama akaweka patasi chini.
Lakini kioo ni kizito.
Hana pezi, hana bawa,
hungoja maji yamkoroge, yamrudishe juu,
na maji ya Nairobi hukorogwa na baridi ya Julai,
ile ya wingu lisilobanduka wiki tatu,
watoto wa shule na sweta mbili mbili,
mvuke mdomoni ukiagiza mandazi.
Maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama;
ya chini huinuka na chakula chake.
Bwawa zima hugeuka kama ugali chini ya mwiko.

Mwaka huu Julai haikuja.
Ilikuja kwenye kalenda ya benki, na picha ya twiga,
lakini baridi haikuja.
Niliteremsha kipimajoto:
juu, ishirini na sita.
Mita tatu chini, ishirini na moja.
Kati yake sakafu isiyoonekana,
hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka,
kama ghorofa ambayo lifti yake imekufa
na wa chini ndiye mwenye unga.

Wenye nyumba za kioo wakazama polepole,
hai bado,
gizani.
Wakabaki wale wa samawati,
wanaobeba hewa ndani yao, wanaopenda joto;
wakaelea, wakatandaza zulia,
wakajiwekea jua lote.
Kifuniko changu kikapotea kabla ya fundo la kwanza.

Usiku nao hupumua, kama sisi.
Jumanne ya tatu ya Agosti nilikuta perege
midomo wazi juu ya maji,
na ng'ombe wa Lemayian wamekataa kunywa.
Kerubo ameketi juu ya beseni lililopinduliwa,
blanketi kavu kando.
"Leo wako wangapi?"
Wengi, nikamwambia. Kuliko siku zote.
"Basi ni heri."
Wengi wa aina moja, nikasema.
Akanyamaza, akazitazama ghorofa zilizotoka humu,
mabati yakimeta,
kisha akauliza kama afue au arudi nyumbani.

Nilimwambia asitie mkono.

Jioni, kwenye safu ya diatomu, niliandika sifuri.
Nikarudia hadubini mara ya pili,
ya tatu,
hadi askari wa zamu akagonga mlango kwa funguo,
na pembeni kabisa ya duara la mwanga
kikapita kisu kimoja cha kioo,
kitupu,
kikipitisha jua la taa
bila kulila.